Mezani pa Mfalme

Masomo: Yohana 9:1-3 na 2 Samweli 9



Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitafuta kwanza dhambi iliyoleta upofu ule: ni yake, ama ni ya wazazi wake? Bwana akayakataa yote mawili. Hata hivyo swali lile halijafa. Mtoto akipita miaka miwili asiweze kukaa wala kusimama, majirani hunong'ona: mama amevunja mwiko, au amerogwa. Pengine baba humwacha mkewe kwa ajili ya maneno hayo. Huo ni ushuhuda wa uongo, nasi sote tulifundishwa amri ya nane.

Hali hiyo matabibu huiita mtindio wa ubongo. Si laana, wala hauambukizi. William John Little, tabibu wa London, alieleza mwaka 1862 kwamba taabu za uzazi zaweza kuwa asili yake. Leo twajua zaidi: ubongo huumia mtoto angali tumboni, au wakati wa kuzaliwa, au katika miaka yake ya kwanza, kwa kuzaliwa kabla ya siku zake, kwa kukosa hewa, kwa umanjano mkali wa uchanga, kwa homa ya uti wa mgongo, au kwa malaria iliyopanda kichwani.

Wala hauna namna moja tu. Walio wengi, kama 80 katika kila 100, misuli yao hukakamaa: wengine upande mmoja wa mwili, wengine miguu kuliko mikono, wengine viungo vyote vinne. Wako ambao viungo vyao hucheza na kujipinda pasipo wao kutaka, hata uso na ulimi. Wako wanaoyumba wakitembea, na mikono yao hutetemeka wanapotaka kushika kitu. Tena wako wenye namna hizo zilizochanganyika.

Enyi waalimu na wainjilisti, lifahamuni neno hili: ulimi mzito si akili iliyokosekana. Baadhi yao akili zao ni dhaifu, lakini wengi, hasa wale ambao viungo vyao hucheza, hufahamu yote tusemayo mbele yao. Basi kumpita mtoto wa namna hii katika kuandika majina ya kipaimara, kwa kuwa hawezi kutamka Imani kwa sauti, ni kumhukumu kabla ya kumsikiliza. Mwulizeni maswali ya ndiyo na siyo, ajibu kwa macho au kwa kidole, wala msimharakishe. Na yule ambaye akili yake ni dhaifu, je? Wengi wetu tulibatizwa tungali wachanga, hatujui hata majina yetu. Neema haikuungoja ufahamu wetu.

Mtazameni Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Maandiko yaeleza ulemavu wake waziwazi: alipokuwa na miaka mitano yaya wake alikimbia naye, akaanguka. Hapatajwi dhambi ya mtu. Naye Daudi hakumpelekea chakula kule Lodebari. Alimleta mezani pake, akala pamoja na wana wa mfalme. Wala hakungoja kwanza miguu yake ipone.

Basi yatupasa nasi kutenda vivyo hivyo. Mama ampeleke mtoto hospitali mapema; jeraha la ubongo halifutiki, lakini mazoezi husaidia viungo visijikunje. Mtoto alishwe ameketi wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, wala si amelala chali, asije akapaliwa. Wazee wa kanisa wamtengenezee kiti cha kumshika vema. Vijana wambebe siku ya Bwana. Wanawake wampokee mama yake kazi, apate kupumzika.

Jumapili hii tazameni katika mitaa yenu: ni nani afichwaye nyumbani kwa ajili ya aibu? Nendeni mkamlete. Meza ya Bwana haikuandaliwa kwa wenye miguu mizima peke yao.

Amina.