Hita Plagi na Haki ya Kupimwa
Je, inafaa kuhukumu kabla ya kupima? Mercedes-Benz 240D ya zamani inapogoma kuwaka asubuhi ya baridi, wengi huzitupia lawama hita plagi, yaani plagi zinazopasha joto injini ya dizeli kabla ya kuwaka. Lakini dhana si ujuzi. Chomoa waya, weka mita: plagi nzima huonyesha ukinzani mdogo sana, kama omu 1 au chini yake, iliyokatika haipitishi umeme kabisa. Atasema mtu: badilisha zote nne, uokoe muda. Hoja hiyo ina uzito zikiwa zimechakaa pamoja. Ila kama fyuzi au rilei ndiyo iliyokufa, hata plagi mpya zitabaki baridi. Kupima, basi, ni tendo la uadilifu, kwani anayehukumu kwa dhana humwadhibu asiye na hatia na kumwacha mkosaji palepale alipo.