Kifungo Kisichoonekana

Mwaka 1969 mtaalamu Mmarekani, Travis Hirschi, hakuuliza kwa nini kijana huiba. Aliuliza kwa nini wengi hawaibi. Jibu lake: wamefungwa na mapendo, kwanza ya wazazi. Huwezi kumfuata mwanao kila kichochoro, lakini akikupenda anakubeba moyoni; kishawishi kikija, anajiuliza mama atasema nini. Fimbo haifiki huko.

Watu wazima je? Mwaka 1993 Robert Sampson na John Laub walionyesha kwamba, kati ya wavulana wahalifu 500 wa Boston waliofuatiliwa hadi utu uzima, walioshikamana kweli na wake zao walielekea kuacha uhalifu kuliko wenzao. Arusi pekee haikutosha, hata ichinjiwe ng'ombe wangapi!

Baba, jioni hii, kabla ya kufungua redio, mwulize kijana wako alishinda wapi, na nani. Kisha keti na mama yake.