Ndani Yetu au Kati Yetu?

Jumapili iliyopita tulisoma Luka 17:20-21 na nikaona watu wanatazamana. Wenye Union Version walisoma kwamba ufalme wa Mungu umo ndani yetu. Wenye Habari Njema wakasoma kwamba uko kati yetu. Baada ya ibada mama mmoja akanishika mkono: "Pasta, sasa uko wapi?" Nilimjibu haraka haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Leo nijibu vizuri.

Neno la Kigiriki lililotumika hapo laweza kubeba maana zote mbili. Lakini angalia Yesu anaongea na nani: Mafarisayo, waliotaka kujua utakuja lini. Ufalme umo mioyoni mwa hao kweli? Mfalme mwenyewe amesimama mbele yao na bado wanauliza tarehe. Mimi nasimama na "kati".

Si kwamba hautakuja. Sisi Wapentekoste wengi tunafundisha miaka elfu ya Kristo hapa duniani, Ufunuo 20. Majirani wetu Waadventista wanasema miaka hiyo watakatifu watakuwa mbinguni. Augustino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, alisema ndiyo wakati huu wa kanisa. Ubishi huo hauishi kwa karatasi moja. Ila kungoja vibaya Gusii tunakujua. Dini ya Mumbo, iliyoanza Alego mwaka 1913 ikafika mpaka kwetu, iliambia watu waache kulima na wachinje mifugo: mingine ingetoka ziwani, na Wazungu wangeondoka. Septemba 1914 Wajerumani wakashambulia Kisii na maafisa wa Kiingereza wakauacha mji. Ni nani asingedhani saa imefika? Mji ukaporwa. Waingereza wakarudi, na adhabu.

Kosa langu mimi lilikuwa lingine. Nilisomea biashara, na nilipoanza utumishi nilipima ufalme vile tulivyofundishwa kupima kampuni: viti vimejaa vingapi, sadaka imepanda kiasi gani, spika mpya zitanunuliwa lini. Kwa daftari langu ufalme ulikuwa unakua kila mwezi. Miaka hiyo hiyo mimi na kaka yangu mkubwa tulikuwa hatuongei. Baba alitugawia shamba, na nyinyi mnajua mashamba yetu yamebaki madogo namna gani. Mpaka wetu ni nepia. Kila msimu wa kupanda, mtu fulani alikuwa akisogeza nepia mstari mmoja upande wa kaka. Mtu huyo ni mimi. Jumla futi 4, hesabu sikushindwa.

Kaka hakunipeleka kwa chifu. Aliacha tu kupitia kwangu akienda sokoni Nyakoe.

Sasa soma tena hilo neno "kati". Kati yangu na kaka yangu palikuwa na futi 4 za nepia ya wizi, na mimi kila Jumapili nashika maikrofoni kuombea ufalme uje Kisii yote, Kenya yote, mataifa yote.

Mwezi wa nane nilienda kwake na jembe. Nikamwambia nilichofanya, ingawa alikuwa anajua. Tukang'oa pamoja mpaka jioni. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumharakisha. Aliuliza tu kama nepia itashika tukiihamisha kabla mvua haijaisha.