Droo Haikuulizi

Kwa kinyozi mmoja pale Daraja Mbili, mjini Kisii, kijana aliyekuwa akingoja zamu aliniuliza: "Tata, mbona hutaki bondia wa kulipwa aende Olimpiki, na wakimbiaji wetu wanalipwa na bado wanakwenda?"

Kwetu Gusii swali hilo si la kupitisha muda. Nyandika Maiyoro alimaliza wa saba mita 5,000 kule Melbourne mwaka 1956. Naftali Temu, mwanajeshi, aliiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1968, mita 10,000, Mexico City. Wote walikuwa wa ridhaa. Nami ridhaa ya enzi hizo siililii: ilimtaka kijana wa kijijini ashindane na dunia nzima kisha arudi mikono mitupu, eti kwa heshima ya mchezo. Kwa hiyo sina ugomvi na pesa.

Ugomvi wangu ni droo. Pambano la kulipwa hujadiliwa kama mahari. Promota anataja mpinzani, kocha anachungulia rekodi, anakataa, anaomba miezi sita zaidi. Bondia wa ridhaa hana hiari hiyo. Jina likishatoka kwenye droo, anapanda ulingoni na yeyote aliyepangiwa, au anarudi nyumbani.

Barcelona mwaka 1992, Marekani ilipopeleka nyota wa mpira wa kikapu wa NBA, Angola walichapwa 116 kwa 48. Charles Barkley hata alimtia Mwangola mmoja kiwiko. Aibu ilikuwepo, lakini walirudi kwao wazima. Pengo kama hilo ulingoni hulipwa na kichwa.

Juni 2016, shirikisho la ngumi duniani, AIBA, liliwafungulia mlango mabondia wa kulipwa, miezi miwili tu kabla ya michezo ya Rio. Na huko Rio wanaume walipigana bila kofia za kinga. Wakaja watatu: Hassan N'Dam wa Cameroon, Amnat Ruenroeng wa Thailand na Carmine Tommasone wa Italia. Hakuna aliyepata medali. N'Dam aling'olewa pambano la kwanza na Mbrazili, Michel Borges.

Kijana akacheka. "Basi ulikuwa unaogopa bure!"

Hapana. Ngumi za ridhaa ni raundi tatu za dakika tatu. Aliyezoea raundi kumi au kumi na mbili huanza polepole, akimsoma mwenzake, na akimaliza kusoma kengele imeshalia. Tena N'Dam na Amnat walipigana juu ya uzani wao wa kawaida. Mabingwa waliokuwa moto kweli walibaki kwao, na WBC, shirika la ngumi za kulipwa, ilikuwa imetishia kuwafungia mabondia wake watakaokwenda. Tulichoona Rio ni bahati ya droo, na bahati hiyo nisingemwekea dau mtoto wa mtu.

Nikamtajia Robert Wangila, bondia pekee wa Kenya mwenye dhahabu ya Olimpiki, Seoul 1988. Baadaye aliingia ngumi za kulipwa Marekani. Julai 1994 alipigana Las Vegas, na majeraha ya pambano hilo yakamuua. Huyo alikuwa wa kulipwa dhidi ya wa kulipwa, kwa mkataba uliotiwa saini.

Kinyozi akapiga kitambaa kitini. Kijana alisimama, asikae.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na sita," nikamwambia.