Nathani Angefika Thwake

Ndugu zangu wa Kitui na Makueni, Neno si geni kwetu. Desemba 1895 Peter Cameron Scott na wenzake walifungua Nzaui kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission, na wajukuu wa waliowasikiliza ndio wazee wa kanisa leo. Manabii tunawajua. Lakini tunawasoma kana kwamba walimwandikia jirani.

Mkumbukeni Nathani. Alimpelekea Daudi kesi ya tajiri mwenye mifugo tele aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi akawaka, akaapa kwamba mtu huyo lazima afe. Yeye aliyemchukua mke wa Uria, kisha akamtuma Uria vitani auawe! Tena hakuwa akijifanya. Hasira yake ilikuwa ya kweli, na hapo ndipo ninapotetemeka: mtu aweza kuchukia dhambi kwa moyo wote huku ameikumbatia.

Twendeni basi kwenye mito yetu: Thwake, Kaiti na Tiva. Mvua ya Novemba hunyesha wiki chache tu. Maji hujihifadhi mchangani, na ukame ukikaza akina mama hufukua hapo, wakateka, wakapakia mitungi juu ya punda. Mchanga ukichotwa hadi mwambani, mafuriko hupita mbio wala hayaachi kitu. Mtoto wa darasa la nne analijua hili. Makueni ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015. Kitui ilipiga marufuku biashara ya mchanga mwaka 2018. Na bado lori hupakiwa usiku! Nani hushika sepetu? Ni vijana wetu. Nani huuza njia ya kushukia mtoni? Ni mwenye shamba anayekaa benchi la mbele kanisani. Tukifika barazani tunawalaani matajiri wa Nairobi, na hasira yetu ni ya kweli, kama ya Daudi. Yeremia aliwalilia watu walioiacha chemchemi wakajichimbia mabirika yavujayo. Sisi tulipewa birika zima na Mungu mwenyewe, tukaliuza kwa tani.

Amosi naye aliwaona wafanyabiashara waliotamani Sabato iishe upesi wakauze nafaka kwa kipimo kilichopunguzwa. Wewe unayenunua ndengu za mjane kwa gorogoro iliyotanuliwa, alikuona.

Wala nabii mwenyewe hakusalimika. Yona alihubiri, Ninawi ikatubu, naye akanuna. Akausikitikia mmea ulionyauka kuliko watu zaidi ya 120,000. Wahubiri wenzangu, hili ni letu. Tunaombea mvua huku tukipokea harambee iliyotoka mtoni usiku, na hatuulizi imetoka wapi, kwa sababu bati la kanisa linatupendeza kuliko mama anayetembea na mtungi mtupu.

Kwa hiyo Jumapili hii, kabla ya kuomba mvua, tutubu kwa kuutaja mto. Mwenye lori asimame aseme. Aliyeuza njia aseme. Mchungaji aliyepokea bahasha airudishe mbele ya kusanyiko. Na Jumatatu asubuhi mwethya, kikundi chetu cha kazi ya pamoja, ukutane mtoni na saruji, tuanze kujenga bwawa la mchanga, na mwenye lori atuletee mawe kwa lori lile lile.