Msamaria Hakulipa Nusu

Mfikirieni mama wa Kwedizinga aonaye uvimbe katika titi lake. Auza mbuzi, apata nauli, afika Ocean Road, Dar es Salaam. Kipande cha uvimbe chapimwa: ni saratani. Lakini saratani ya titi si ya namna moja. Nyingine hukuzwa na homoni, nyingine na wingi wa protini iitwayo HER2, na kila moja ina dawa yake. Pasipo kipimo hicho cha pili, daktari hutibu gizani.

Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ni tendo jema. Lakini bima ilipayo kitanda na kuacha kipimo humwacha mgonjwa katikati ya njia. Msamaria wa Injili alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, tena akaahidi kulipa yote yatakayozidi.

Basi wenye mamlaka wasikisahau kipimo hiki katika orodha ya mafao. Nanyi wazazi, msingoje ugonjwa ndipo mtafute bima. Atoaye mchango akiwa mzima amemlipia jirani aliyeanguka njiani.