Mzigo wa Farasi na Mzigo wa Mtu

Katika misitu ya Ulaya farasi alikokota magogo kwa karne nyingi, na hata leo hajaiacha kabisa kazi hiyo. Katika sehemu nyingi za Kongo mbung'o humwua farasi kwa nagana, basi aliyebeba ni mtu. Kabla ya reli ya Benguela kufika mpakani karibu na Dilolo, mwaka 1929, mizigo ilikwenda vichwani mwa wapagazi. (Huko Uele Wabelgiji walifunza hata tembo, Api na kisha Gangala-na-Bodio, wavute magari na kulima.)

Je, mnyama afanyaye kazi ana haki gani kwa bwana wake? Wako wasemao hana, kwa kuwa hana akili. Lakini neno hilo lapima haki kwa akili, wala si kwa uchovu; na mizani hiyo haikawii kumgeukia mpagazi, kwamba huyu naye hakusoma. Amri ya Sabato, katika Kumbukumbu la Torati, yawataja pamoja mtumishi, ng'ombe na punda: wote wapumzike.

Siku hizi makala huingia Kolwezi juu ya baiskeli, kijana akizisukuma gunia zake kilimani kwa kifua. Farasi wa msituni hulishwa na mwenyewe hata siku isiyo na kazi. Kijana huyu, asipouza, halishwi na mtu; na mnunuzi aliyeketi barazani ambishia bei, akisema kwamba makala yameloa.